Upepo Hugeuka Usiku

Mama Hana alikuwa na desturi ya kumlisha mgeni kwanza na kumhoji baadaye, lakini Jumapili ile alichanganya vyote viwili. Violeth alikuwa bado ananawa mikono, pale sebuleni Nkuhungu, mjini Dodoma, alipotupiwa swali.

"Mwanangu, hiyo hewa mnayoipima huko pwani haiishi?"

Yoramu, mtoto wa pekee wa Mama Hana (Hana ni jina lake mama mwenyewe) na mchumba wa Violeth, ndiye aliyeshika birika. Maji yakamwagika nje ya beseni. Kwa siku mbili sasa kijana huyu alikuwa anamwaga vitu, anaangusha funguo, anaitikia asichoulizwa, na mtu mwenye macho angeshajua kwamba ana jambo. Violeth hakuwa na macho ya kuyaona hayo. Alikuwa na yake yaliyomfika shingoni.

"Haiishi, mama," alijibu kwa adabu. "Ndiyo maana tunaipima kila siku. Tukiacha, hatutajua imebadilika lini."

"Na wa kuipima ni wewe tu? Tanzania nzima?"

"Nina mzee Respicius, fundi wetu. Ila mitambo ipo mikononi mwangu."

"Na mnaipima usiku."

"Usiku, mama. Kuna gesi ambazo mchana jua linazivunja, huwezi kuzikuta. Giza likiingia ndipo zinatulia, nasi tunazinasa."

Mama Hana alimsogezea ugali wa uwele na bakuli la mlenda, kisha akajiweka sawa kwenye kiti. Alikuwa mjane mrefu mwenye sauti ya kwaya, sauti ambayo hata ikinong'ona jirani anasikia. Hakuwa mwanamke mbaya, tusimwonee. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na kila akimtazama alimwona anafunga ndoa na simu.

"Sasa nisikilize, mkwe wangu. Jumamosi washenga wanakwenda Haneti kwa baba yako. Wazee wameshakubali, mimi nimeshakubali, sina neno na wewe. Lakini siwezi kutuma watu wazima wakaombe mke ambaye atalala pwani na mwanangu alale hapa. Kesho si unakwenda makao makuu? Basi omba uhamisho urudi Dodoma. Ukiomba, washenga wanakwenda. Usipoomba, wanabaki."

Laiti angejua siku aliyoichagua. Ijumaa, Violeth alikuwa ameitwa makao makuu ya taasisi yao hapa mjini, na mkuu wake, Dakta Stanley, akamwekea mezani grafu ya kituo chake cha pwani. Kwa miaka sita mstari ule ulikuwa umetembea kwa amani. Halafu mwezi Machi, kwa siku tatu mfululizo, kila usiku ulipanda kama mlima. Ulikuwa moshi wa injini, tena wa dizeli, na umetokea kwenye rasi ya Pangani, kilipo kituo, ambako hata jiko la mkaa haliwashwi. Gari la taasisi lenyewe huachwa sokoni kijijini, na watu humalizia kwa miguu. Wakubwa walikuwa wameutazama mlima ule wakaamua kwamba magari yamekwisha kuifikia rasi, kwa hiyo mitambo ing'olewe ipelekwe kwingine. Violeth alipewa hadi Jumatatu aeleze moshi umetoka wapi, la sivyo kituo kinafungwa.

Jioni ile alilia kifuani kwa Yoramu mpaka shati likalowa. Yoramu alimpapasa mgongo, akasema pole, pole mpenzi wangu.

"Mama," Violeth alisema sasa, akiuacha ugali, "kile kituo nimekilea mimi. Nilikikuta ni kibanda na mlingoti. Huenda kesho nikanyang'anywa, lakini mimi mwenyewe sitakiacha. Sitaomba uhamisho."

Mama Hana alimgeukia mwanawe.

"Yoramu, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi mwulize ulichotaka kumwuliza."

"Tule kwanza."

"Tumeshakula."

Violeth alimtazama mchumba wake. Yalikuwa macho aliyoyapenda tangu siku ya kwanza, alipomkuta Haneti akichimba kisima cha kanisa, matope hadi nywele, anacheka. Leo macho yale yalimkwepa, yakaenda kwenye beseni.

"Una la kuniuliza?" alisema kwa upole. "Uliza, Yoramu. Kuuliza si ujinga."

Pengine upole ule ndio uliomchokoza. Yoramu alisukuma sahani.

"Yule mwanamume ni nani?"

"Mwanamume yupi?"

"Usinifanye mtoto, Viole. Yule wa koti la njano. Mpo juu ya ngazi wakati watu wamelala, mvua inanyesha, amekushika kiuno."

Kidogo Violeth acheke. Mzee Respicius wa watu, mwenye wajukuu na meno ya kuhesabika, ambaye humshika mkanda anapopanda kubadilisha kichujio cha bomba la hewa, kwa sababu mvua ikinyesha ngazi inateleza. Alishafungua kinywa aeleze. Kisha akakifunga, na uso wake ukabadilika.

"Koti la njano," alisema. "Nani kakwambia kuna koti la njano?"

Yoramu aliivuta tena sahani aliyoisukuma.

"Lile koti nilimnunulia mzee Machi, masika yalipoanza. Halikumaliza wiki, upepo ukalipeleka baharini. Sijalipiga picha. Sijawahi kulitaja kwa mtu. Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani? Kule tupo wawili na kaa."

Nje, kuku wa Mama Hana walikuwa wanaparua mchanga chini ya dirisha.

"Ulikuja," Violeth alisema.

Yoramu aliitikia kwa kichwa.

"Mwaka wa pili nakubembeleza uje uone ninakofanya kazi, unasema visima vimekubana. Kumbe ulikuja. Ulikaa wapi?"

"Kwenye mikorosho, kule nyuma."

"Na gari?"

"Nilikuwa ndani ya gari."

"Siku ngapi?"

Yoramu alijikuna shingo. "Tatu."

"Injini ilikuwa imezimwa?"

"Viole, kule kuna joto. Mimi ni mtu wa Dodoma, sijazoea kulowa jasho nimekaa. Na mbu wale, ningefungua kioo wangenimaliza."

"Nimekuuliza injini."

"Niliwasha kiyoyozi tu."

Damu ilimpanda Violeth hadi masikioni. Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Kwa miezi mitatu alikuwa amefungua mitambo na kuifunga, amebadilisha mabomba, amemgombeza mzee wa watu asiye na hatia akidhani anavuta sigara kwa siri. Usiku mzima alikuwa hasikii kitu kwa ajili ya mawimbi na mngurumo wa pampu, na mwenye moshi yupo pale nyuma, kwenye pikapu, anapigwa na kiyoyozi.

"Nilikwambia mara ngapi kwamba pale hatuwashi hata kiberiti?"

"Najua. Ndiyo maana nikaenda nyuma, upande wa bara. Nilifika mchana, upepo unatoka baharini, unanipiga usoni. Nikasema hapa moshi wangu utakwenda huko porini, hautawafikia. Nilikufikiria, Viole."

"Mchana."

"Ndiyo."

"Usiku unageuka, Yoramu. Nchi kavu ikipoa, upepo unatoka bara kwenda baharini. Usiku kucha ulikuwa unaupuliza moshi wako moja kwa moja kwenye bomba langu."

Na hapa lazima tumtetee Yoramu kidogo, maana Dodoma upepo unatoka mashariki, mchana na usiku, masika na kiangazi, hadi miti imeinamia upande mmoja. Mtu aliyekulia hapa hujenga nyumba na choo kwa kuuamini upepo huo. Haimjii akilini kuuliza kama jioni utabadili njia.

Lakini Violeth hakuwa na nafasi ya kumtetea mtu. Kuna jambo lingine lilikuwa limemfikia, nalo lilimuuma kuliko moshi.

"Ijumaa," alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Nililia kifuani kwako. Nikakwambia ni Machi, ni siku tatu, ni dizeli. Ulijua?"

"Violeth..."

"Ulijua?"

"Nilianza kuhisi."

"Ukasema pole."

Hapo hata Mama Hana aliweka kikombe chini.

"Yoramu," alisema, "mimi nilikuambia nini?"

"Uliniambia niende."

"Nilikuambia uende ukamwone mwenzako. Mgeni hupiga hodi, akakaribishwa, akapewa maji. Mtu akiona hivyo anaona yote, wala hahitaji giza. Nilikuambia ukajifiche kwenye mikorosho kama mwizi wa mbuzi? Umerudi hapa unaniambia umeona mwanamume, nami nimeshaanza kumchukia mtoto wa watu. Kumbe hodi ilikushinda." Akamgeukia Violeth kwa sauti ileile. "Na wewe usidhani ya pwani nimeyakubali. Sijayakubali."

"Nimekusikia, mama," Violeth alisema, akachukua mkoba wake akatoka.

Yoramu alimfuata hadi uani, pale ilipoegeshwa ile pikapu nyeupe yenye matope ya visima. Violeth alisimama mbele yake akaitazama kama mtu aliyekutana na adui aliyekuwa akisimuliwa tu.

"Nipe nafasi niseme," Yoramu alisema.

"Sema."

"Unajua mara ya mwisho nimekula na wewe siku mbili mfululizo ni lini? Mimi sijui. Nikipiga simu usiku upo kwenye mitambo, mchana umelala. Bibi yangu alipokufa ulikuja matanga yameshaanuliwa. Nilisimama kaburini peke yangu, watu wananiuliza mchumba wako yuko wapi, nawaambia anapima hewa. Kaburini, Viole. Walicheka."

Maneno yale yalimpata. Violeth alitazama pembeni.

"La bibi nilikukosea," alisema. "Nilikuomba msamaha, na leo nakuomba tena. Lakini nilipokukosea ulijua nilipo. Sikujificha."

"Nilitaka kushuka. Siku ya kwanza ile. Ulimaliza kazi ukakaa kizingitini, ukala muhogo kwa mikono miwili kama mtoto, nikakuona umechoka, umelowa mvua, hadi nikasikia uchungu. Nilishashika kitasa cha mlango. Halafu yule mtu akatoka ndani na blanketi, akakuwekea mabegani." Sauti ya Yoramu ilikwaruza. "Mimi ndiye nilipaswa kukuwekea lile blanketi. Wivu ukanifunga miguu. Kesho yake nikasema leo nashuka, nikakuta mpo kwenye ngazi."

Kama angeishia hapo, pengine siku ile ingekuwa na mwisho mwingine. Violeth alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya sabuni kwenye shati lake, na moyo wake mjinga ulikuwa umeanza kusahau hasira. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda hata sasa, na hilo lilimwongezea ghadhabu.

"Kesho asubuhi," alisema, "twende wote kwa Dakta Stanley. Umweleze kwa mdomo wako ulivyofanya. Wakijua ni gari moja, na kwamba halitarudi, wataziondoa zile siku tatu na kituo kitabaki."

Yoramu alirudi nyuma hatua moja.

"Mbele ya Stanley?"

"Mbele yake."

"Viole, mji huu ni mdogo. Ofisi ile wananijua, nimewachimbia kisima. Niingie niseme nilijificha porini namchungulia mchumba wangu? Hadi Kondoa watasikia." Akajaribu kumshika mkono. "Si useme tu kwamba ni watalii walipotea? Gari la wageni, hujui namba zake. Nani atajua?"

Violeth aliutazama mkono ule mpaka ukaondoka wenyewe.

"Miaka sita," alisema, "sijaandika usiku hata mmoja wa uongo. Wakati mwingine nilikuwa na malaria, natetemeka, naandika ukweli. Nianze kudanganya leo, kwa ajili ya kukuficha wewe?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha. Mimi nipoteze kituo, au nipoteze uaminifu wangu, ili mradi wewe usichekwe." Alikuwa akiivuta pete ya uchumba kidoleni, nayo ilikataa kwenye kiungo, akaivuta hadi ngozi ikachubuka. Aliiweka juu ya boneti ya pikapu. "Nitakwenda peke yangu. Na usinifuate na hili gari. Sitaki kuusikia mlio wake maishani mwangu."

Alitoka getini akitembea haraka, na vumbi la Nkuhungu likampiga machoni kutoka mashariki, kama kawaida yake.

Jumatatu, Dakta Stanley alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye miwani anayoivua anapopewa habari mbaya. Aliivua.

"Pikapu ya nani?"

"Ya mchumba wangu," Violeth alisema, kisha akasahihisha. "Aliyekuwa mchumba wangu."

"Na yeye yuko wapi?"

"Hakuja."

Dakta Stanley alifuta miwani kwa muda mrefu. "Violeth, mimi nakuamini. Lakini sitakaa peke yangu kwenye kile kikao. Wenzangu watasema umebanwa, umetunga mchumba mwenye wivu ili ukiokoe kituo. Mimi nikiwa wao ningesema hivyo. Bila huyo mtu mwenyewe, sina cha kuwapa."

Violeth alikubali kwa kichwa. Hakutaka kulia mbele ya bosi wake, kwa hiyo alianza kuzikunja karatasi zake moja moja, na alikuwa amefikia ya mwisho aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi."

Yoramu alikuwa amesimama kizingitini, vumbi jekundu hadi magotini, shati limemganda mgongoni. Hakumtazama Violeth. Alimtazama Dakta Stanley.

"Karibu," Dakta Stanley alisema.

"Shikamoo. Mimi ndiye mwenye moshi."

Akasimulia yote akiwa wima, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayeogopa kwamba akiishusha itakatika. Alisema mikorosho, mbu, kiyoyozi na upepo aliodhani ni mmoja. Alipofika kwenye koti la njano, katibu muhtasi chumba cha pili aliacha kuchapa, na baadaye kidogo ukasikika mguno wa mtu anayebana kicheko. Masikio ya Yoramu yalibadilika rangi. Aliendelea.

"Nilimwonea wivu mzee wa watu aliyekuwa anamshika asianguke," alimalizia. "Kituo hakina kosa, na huyu hana kosa. Nipo tayari kuyasema haya mbele ya kikao, mkitaka."

Dakta Stanley alikohoa kwa nguvu, akavaa miwani.

"Utayasema," alisema. "Kikao ni saa nane. Ukiyasema hivyo hivyo, siku tatu zile zitafutwa, na kituo kitabaki kilipo."

Aliyasema hivyo hivyo. Waliotoka kikaoni jioni ile walikuwa wanafuta machozi ya kucheka, na mmoja alimpiga Yoramu begani akamwita Mikorosho, jina ambalo angeweza kwenda nalo hadi uzeeni. Lakini barua ya kung'oa mitambo ilichanwa mbele ya macho ya Violeth.

Walikutana kwenye ngazi za nje.

"Umetembea kutoka Nkuhungu?" Violeth aliuliza.

"Ulisema hutaki kulisikia gari."

"Bado nimekasirika, Yoramu."

"Najua."

"Siyo kidogo. Nikikumbuka Ijumaa natamani nikupige."

"Nipige basi."

"Sitaki. Utapona haraka." Aliutupia mkoba begani. "Nakwenda stendi. Uhamisho sikuomba, na sitaomba. Mwambie mama."

"Nimeshamwambia. Nimemwambia pia kwamba nikioa, nitaoa mke wa pwani, na visima hata Pangani vipo. Amesusa, hataki kula nami." Yoramu alifungua kiganja. Pete ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa jasho. "Na hii?"

Violeth aliitazama pete, akautazama mkono ulioishika, wenye sugu za kamba na vyuma. Vidole vyake mwenyewe vilimwasha. Kile cha pete kilikuwa bado na mchubuko wa jana.

"Kaa nayo," alisema. "Siku ukiona unaweza, njoo nayo. Gari uliache sokoni kama watu wengine, utembee."

"Nikifika?"

"Upige hodi."

"Nikipiga, utafungua?"

Violeth alikuwa ameshashuka ngazi mbili. Hakugeuka, maana angegeuka angeona uso ule, na hasira alikuwa bado anaihitaji kwa ajili ya safari.

"Piga kwanza," alisema.